Mama Bado Hajachagua Fani

Usiku wa jana niliota ninaitwa kwa kipaza sauti nikamalize shughuli ya mama yangu. Sauti ilisema, "Mwenye mama aliyesimama ukurasa wa kwanza afike dirisha namba nne." Nilijua ni mimi. Hakuna mtu mwingine Same nzima mwenye mama aliyesimama ukurasa wa kwanza.

Niseme kwanza yaliyo ya macho, ili ya ndotoni yaeleweke. Mama yangu, Eliwaza, alipata kiharusi mwaka jana na mkono wake wa kushoto ukalala. Nikamteremsha kutoka Usangi milimani nikamleta kwangu mjini, ninakofundisha sekondari. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akasema atafutiwe kitu cha kumchezesha vidole. Nikanunua mashine ya gemu iliyokwisha kutumika, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, na ndani yake mlikuwa na gemu moja tu, la mapanga na mazimwi na falme. Ukurasa wa kwanza unakutaka umchagulie mhusika wako fani: awe askari, mganga, mwizi, mchawi, mpiga mishale, na kadhalika. Usipochagua, huvuki.

Mama hakuvuka. Kila siku aliketi na rimoti mapajani akamtazama yule mwanamke wa kwenye kioo, aliyesimama mbele ya mlango mkubwa akipumua, kifua kikipanda na kushuka. Akaniambia, "Nakundwa, nichagulie wewe." Nikamjibu, "Chagua mwenyewe mama, ni gemu tu." Nilikuwa nasahihisha madaftari. Siku zote nilikuwa nasahihisha madaftari. Akafariki Jumanne, saa nne asubuhi, mimi nikiwa kazini, na fani hajachagua.

Tangu siku hiyo sikuizima mashine. Umeme ukikatika, ukirudi naiwasha na kuirudisha pale pale kabla sijavua viatu. Mama mdogo alipokuja matangani aliniambia, "Mwanangu, zima hicho kitu, kinatisha." Nikasema nitazima. Jana ilikuwa siku ya arobaini na moja, na yule mwanamke alikuwa bado anapumua.

Basi nikaenda dirisha namba nne.

Ofisi ilikuwa ndefu kama korido ya hospitali, na karani wake alikuwa ngao. Ngao ya shaba, ya duara, imevaa miwani ya kusomea iliyofungwa kwa kamba kwa sababu haikuwa na masikio.

"Kaa," ikasema.

Hapakuwa na kiti. Nikakaa hivyo hivyo.

"Jina la mhusika?"

"Eliwaza."

"Fani?"

"Hana."

Ngao ikashusha miwani. "Siku arobaini na moja hana fani?"

"Nilikuwa na msiba."

"Pole. Umefiwa na nani?"

"Na huyo huyo."

Ikaandika. Ilionekana jibu hilo lilikuwa na kisanduku chake kwenye fomu.

Sasa namwona mama. Amesimama nyuma ya ngao juu ya jiwe la mviringo linalozunguka polepole, kama wanavyozungushwa wahusika wa gemu ili mchezaji awaone pande zote. Amevaa khanga yake ya zambarau na sweta langu la zamani. Uso wake unafika upande wangu, ananiona, anatabasamu.

"Shikamoo mama," nasema.

"Mara..." anasema, na jiwe linampeleka. Nasubiri. Naona sikio, naona kisogo, naona sikio la pili. "...haba," anamalizia. "Umekula?"

Kabla sijajibu ameshapita.

Juu ya kichwa chake kulikuwa na ubao wa alama. Nguvu: mbili. Akili: tisa. Wepesi: moja, na hata hiyo niliona wamemwonea huruma. Subira haikuandikwa ndani ya kisanduku. Tarakimu zilikuwa nyingi zikatoka nje, zikapita ukutani hadi dirisha namba saba, ambako watu walikuwa wakizikanyaga. Uhai ulikuwa mtupu kabisa.

"Uhai wake umekwisha," nikamwonyesha karani.

"Hilo si la dirisha hili," ngao ikajibu. "Hapa ni fani tu."

"Nisipomchagulia?"

"Atasimama."

"Mpaka lini?"

"Kwako umeme upo?"

"Upo."

"Basi."

Mama akazunguka akafika. "Miguu imevimba kidogo," akasema, kwa sauti ya mtu asiyelalamika, kisha akaenda zake.

Nikauliza nikimchagulia kutatokea nini. Ngao ikanieleza kwamba mlango utafunguka, mama ataingia, na ukurasa wa kwanza utafutika. Mchezo wenyewe unachezwa huko ndani, na mimi sina rimoti ya ndani. Nikauliza kama nitamwona tena. Ikasema hapo kwao hawajawahi kuona mtu akirudi ukurasa wa kwanza, ila wao ni makarani tu, wasije wakasemewa.

"Dirisha linafungwa saa ngapi?"

"Ukiamka. Na hatuiti mara mbili."

Nawaambia ukweli, nilitaka kuamka. Nilitaka nifumbue macho, nimkute amesimama kwenye televisheni akipumua, niende kazini, nirudi, nimkute. Lakini niliona vifundo vya miguu yake. Vilikuwa vimejaa hadi viatu vimekata nyama, na hakuwa ameniomba kitu chochote zaidi ya kile alichoniomba akiwa hai.

"Lete tuone hizo fani," nikasema.

Wa kwanza kuletwa ni upanga. Uliingia peke yake, ukajisimamisha mbele ya mama, ukauliza kwa adabu, "Bibi, adui yako ni nani?"

Mama akafikiri mzunguko mzima. "Kuna mama mmoja wa kwaya," akasema, "alichukua sufuria yangu kubwa mwaka wa tisini na nne."

"Ehe," upanga ukasema, ukiinuka.

"Lakini aliirudisha. Tena imesuguliwa."

Upanga ukangoja kama kuna mwingine. Hakuwapo. Ukajirudisha alani taratibu, ukaniambia pembeni kwamba kwa hasira hizo mama hatafika hata zimwi la kwanza.

Zikaja glovu nyeusi za mwizi. Zilimwonyesha pete juu ya meza na kumwambia aichukue bila mtu kuona. Mama akaichukua. Kisha akashuka kwenye jiwe, akapita dirisha kwa dirisha akiulizia nani kapoteza pete, na jamaa mmoja mwenye kichwa cha mbuzi akasema ni yake, akampa. Glovu zikajikunja zikaingia mfukoni. Uchawi sikuthubutu hata kuutaja. Mama alikuwa mzee wa kanisa miaka kumi na minane. Fimbo ya mchawi ilimwona tu ikajificha nyuma ya kabati.

Ndipo ikaja fimbo ya mganga, na hiyo haikuuliza kitu. "Huyu tunamfahamu," ikasema. "Huyu si mhudumu wa wodi, miaka thelathini na moja? Twende mama, wodi namba tatu ina wagonjwa mia mbili wanakusubiri tangu alfajiri."

Tuko wodini. Korido imegeuka wodi, vitanda vimepangwa pande mbili hadi macho yanapoishia, na kila kitanda kina askari wa gemu mwenye mshale mgongoni. Wote wanaita, "Nesi! Nesi!" Mama si nesi, hajawahi kuwa nesi, alikuwa wa kupiga deki na kumwaga mabeseni, lakini ameshakunja mikono ya sweta. Ule mkono uliolala anausogeza kwa mkono mzima ili nao ukunjwe.

"Mama, hapana."

"Dakika moja tu, mwanangu. Yule wa dirishani hajanywa maji."

"Mama, hapana!"

Nikamshika kiunoni nikamvuta nyuma. Fimbo ya mganga ikaniambia kwamba nina roho mbaya. Nikaiambia ikatafute mtu mwingine, dunia nzima imejaa watu, wamwache mama yangu. Nilipiga kelele hadi askari wenye mishale wakanyamaza. Wodi ikajikunja, tukawa tena dirisha namba nne, mama amerudi juu ya jiwe anazunguka, na mimi nahema.

"Zimebaki mpiga mishale na mpiga zeze," ngao ikasema. "Na macho yake ni ya miwani, na zeze linataka mikono miwili."

Nikalishika jiwe kwa mikono miwili likasimama. Lilikuwa zito, lakini lilisimama. Mama akabaki ameniangalia, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne nilipomwachia chai mezani.

"Mama, kwa nini hukuchagua mwenyewe? Ulikuwa huwezi kubonyeza?"

"Niliweza tangu wiki ya pili. Kidole hiki cha shahada na hiki cha kati, vyote vilikuwa vinaitika."

"Sasa?"

"Sasa nichague vipi? Nyumba yako, televisheni yako, gemu lako. Mgeni hajipakulii, Nakundwa. Mgeni anapakuliwa."

"Wewe hukuwa mgeni, mama. Ulikuwa nyumbani."

"Nyumbani ni Usangi," akasema. "Pale nilikuwa kwako. Na kwako si kubaya."

Nikakumbuka kwamba kwa miezi yote ile hakuwahi kubadilisha stesheni ya televisheni. Hakuwahi kufungua friji bila kuniuliza. Alikaa kiti kile kile nilichomwonyesha siku ya kwanza, kile cha karibu na mlango ambacho mguu mmoja ni mfupi. Alikuwa anasubiri mwiko wangu, na mimi nikadhani ni uzee, nikadhani hajui gemu.

"Siku ya kwanza uliniwekea mto mgongoni," akasema. "Siku ya pili ukanipikia ndizi. Siku ya tatu ukanikuta jikoni naosha vyombo kwa mkono mmoja."

"Nikasema nini?"

"Ukasema, ahsante mama."

Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa anasimulia tu, kama mtu anayetaja vituo vya safari aliyoifurahia. Nililia. Nililia mbele ya ngao na mbele ya foleni iliyokuwa nyuma yangu, ambayo ilikuwa na zimwi mmoja na watoto wake, na hakuna aliyenihimiza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo naifundisha kidato cha pili, naiuliza kwenye mtihani, na sikujua kwamba jembe nimelitoa mimi, nikampa mama yangu mgonjwa, na nikamshukuru kwa kulima.

Nilipomaliza kulia nikauliza, "Karani, hiyo orodha yenu imeisha kweli?"

Ngao ikageuza karatasi. "Iko moja chini kabisa, haina picha. Vijana hawaichagui."

"Inaitwaje?"

"Mgeni."

"Anafanya nini?"

"Hafanyi. Anapewa kiti, anapewa maji, anapakuliwa. Akitaka kuinuka anaambiwa kaa. Silaha hana."

"Mwandike hiyo."

"Subiri usikie masharti," ngao ikasema, ikasogeza miwani. "Ni siku mbili. Ya tatu hupewa jembe."

"Hata huyu? Hata kwa mkono huo?"

"Ni methali, dada. Hatukuitunga sisi, na hatuna mamlaka ya kuifuta."

Jiwe lilikuwa linataka kuzunguka tena, nalihisi likinisukuma viganjani. Nikatazama huku na huku nikitafuta wa kumwomba, mkubwa wa ofisi, mtu yeyote. Nikatazama dirishani. Nje kulikuwa na ngome, milima, na jua. Nilikuwa nimelitazama jua lile kwenye televisheni siku arobaini na moja, likiwa juu ya bega la mama, na halikuwahi kusogea hata upana wa kidole.

"Jua la hapa linatua saa ngapi?" nikauliza.

Ngao ikageuka polepole, ikatazama nje. Nadhani ilikuwa haijawahi kutazama.

"Halitui," ikasema. "Limechorwa."

"Kwa hiyo siku ya kwanza inaisha lini?"

Ikafungua kanuni, ikafunua ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ikarudi wa kwanza. "Haiishi," ikasema.

"Na ya tatu?"

"Ya tatu haifiki." Ikavua miwani ikaifuta kwa kamba yake. "Miaka yote hii. Kila mtu anaanza na upanga."

Basi fani ilikuwa imepatikana, na bado mkono wangu haukuinuka. Rimoti ilikuwa mbele yangu mezani, na kitufe kilikuwa kimoja. Rimoti ikaniambia, "Mimi nimezoea kubonyezwa, hainiumi." Nikaiambia si hivyo. Nikaiambia kwamba asubuhi, kabla ya kwenda kazini, huwa nasimama mbele ya televisheni namuaga mama yangu, na jioni naingia namwambia nimerudi, na kwamba sina mtu mwingine wa kumwambia nimerudi. Rimoti ikafikiri. Ikasema hilo nalo halikuwa la dirisha hili.

"Nichagulie, mwanangu," mama akasema. "Umenisimamisha sana."

Nikabonyeza.

Ngao ikagonga muhuri kwa uso wake wenyewe. Jiwe likasimama lenyewe. Mlango mkubwa ukasogea, na badala ya ngome kukawa na njia ya Usangi, ile inayopita katikati ya migomba na mfereji, na ukungu umelala chini.

"Mgeni husindikizwa," ngao ikaniambia. "Hadi mlangoni. Usiingie."

Tunatembea. Mama ananishika mkono kwa ule uliokuwa umelala, na hatuutaji. Tunafika kwenye kijito, ananiambia, "Basi, inatosha, rudi." Nasema nitamfikisha pale mbele. Tunafika pale mbele, anasema, "Haya, ngoja nami nikurudishe kidogo." Ananirudisha hadi kijitoni. Namsindikiza tena. Ananirudisha tena. Tulifanya hivyo mara tatu, mara nne, kama walivyokuwa wakifanya yeye na mama mdogo nilipokuwa mtoto, mpaka baba anatoka nje kuwauliza kama wanagawana njia. Safari ya mwisho hakunirudisha. Alikuwa amechoka, na mimi nikaona amechoka.

Mlango ulikuwa wa mbao, wa kawaida. Kwa ndani kulinukia makande.

"Hodi," mama akasema.

"Karibu!" zikajibu sauti za ndani, nyingi kwa mpigo, za wanawake. Moja niliijua, ya bibi yangu, aliyefariki nikiwa darasa la nne. "Huyo ni Eliwaza. Mpisheni. Mpeni kiti, si hicho, kile cha mgongo. Mbona umechelewa, tumekusubiri chakula kinapoa!"

Nikasikia kiti kikiburutwa.

Mama alikuwa amevua kiatu kimoja. Akageuka. "Wewe rudi ukalale," akasema. "Kale kakazi kalikobaki kule kwako nitakamalizia mimi."

"Mama, umeshakuwa mgeni. Hufanyi kazi."

"Kamoja tu. Ka njiani."

"Mama!"

Akacheka. Akaingia, na mlango ukarudi. Nikabaki nje nimeweka sikio kwenye mbao, nikamsikia akikaa. Alikaa kwa mkupuo, na pumzi ikamtoka ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. "Yesu wangu," akasema. Mtu akasema, "Kunywa maji kwanza." Sikusikia tena kitu, isipokuwa vijiko.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka na chumba kilikuwa kimya, kimya ambacho sikukizoea, kwa sababu ile mashine huwa inavuma. Nikatoka sebuleni. Televisheni ilikuwa nyeusi. Nikadhani umeme umekatika, nikabonyeza swichi ya taa, taa ikawaka. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo kwa ndani, kama nilivyouacha. Madirisha yote yamefungwa.

Waya wa mashine ulikuwa umechomolewa ukutani. Ulikuwa juu ya kabati, umekunjwa mizunguko minne iliyolingana, na katikati umefungwa kwa kipande cha kitambaa. Mimi sikunji waya, huwa nauacha chini ujisokote unavyotaka. Nikaketi nikalitazama lile fundo. Lilikuwa la mtu anayefunga kwa mkono mmoja, upande wa pili akavuta kwa meno.

Nikaigusa ncha yake. Ilikuwa bado imelowa mate.